Frank Nsubuga na Kriketi ya Uganda

Tarehe 20 Mei 2019, katika uwanja wa kriketi wa Kyambogo, ulio mashariki ya jiji la Kampala, timu ya taifa ya Uganda iliteremka kupambana na Botswana. Kwa watu wengi waliopita barabara ya Jinja siku hiyo hilo halikuwa jambo la kuwafanya wasimame. Lakini kwa mujibu wa vitabu vya kumbukumbu vya mchezo huo, hiyo ndiyo ilikuwa mechi ya kwanza rasmi ya kimataifa ya Uganda katika kriketi fupi ya ova 20, na kila Mganda aliyeingia uwanjani aliandikwa kuwa mchezaji mgeni kabisa. Miongoni mwa wageni hao alikuwamo Frank Nsubuga, mtu aliyebakiza miezi mitatu kutimiza umri wa miaka 39, na ambaye alikuwa ameivalia nchi yake jezi tangu miaka ya 1990.

Maelezo ya kioja hicho ni mepesi. Baraza la Kriketi la Kimataifa liliamua kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 2019 mechi zote za ova 20 baina ya nchi wanachama zihesabiwe kuwa za kimataifa. Kabla ya hapo heshima hiyo ilikuwa ya mataifa machache tu. Kwa hiyo kazi yote aliyoifanya Nsubuga kwa miaka zaidi ya ishirini, katika viwanja vya Afrika, Asia, Ulaya na Amerika, ilikuwa imeandikwa pembezoni mwa daftari. Pale Kyambogo ndipo jina lake lilipoingizwa katika ukurasa wenyewe, wakati vijana aliowakuta katika timu wangeweza kuwa wanawe.

Ndugu wasikilizaji, maisha ya mchezaji huyo yanastahili kuzungumzwa kwa sababu moja kubwa. Yanaonyesha kwa uwazi ni gharama gani hulipwa na mtu anayeamua kuutumikia mchezo ambao nchi yake haikuujali sana, na yanaonyesha pia ni kitu gani nchi inaweza kukipata kutokana na mtu wa namna hiyo, na ni kitu gani haina haki ya kukitegemea.

Frank Nsubuga alizaliwa tarehe 28 Agosti 1980. Wakati huo Uganda ilikuwa imetoka katika utawala wa Idi Amin mwaka mmoja na miezi michache kabla, na ilikuwa ikielekea katika uchaguzi wa Desemba 1980, ambao matokeo yake yaliitumbukiza katika vita vingine. Kizazi chake kilikulia katika nchi ambayo maduka yalikuwa matupu na viwanja vya michezo vilikuwa vimeota majani. Hata hivyo katika jamaa yake kriketi haikukatika. Ndugu zake wawili, Lawrence Sematimba na Roger Mukasa, nao waliichezea timu ya taifa. Ndugu watatu wa tumbo moja kuivalia nchi jezi moja si jambo linaloonekana kila siku, hata katika kandanda ambayo ina wachezaji maelfu kwa maelfu.

Kazi yake uwanjani ni kurusha mpira, na ni mrushaji wa mpira wa mzunguko. Kwa manufaa ya wale ambao hawajauzoea mchezo huu, yafaa ielezwe kwamba warushaji wa kriketi ni wa aina mbili. Wako wanaokuja mbio kutoka mbali na kuuvurumisha mpira kwa nguvu, nao ndio wanaoshangiliwa. Na wako wanaokuja kwa hatua chache, taratibu kama mtu anayekwenda kuchota maji, wakauachia mpira mikononi ukiwa unazunguka, ukagusa ardhi na kupinda njia asiyoitarajia yule aliyeshika gongo. Hawa wa pili hawategemei misuli. Wanategemea vidole, macho na saburi. Mrushaji wa mbio huchakaa mapema, magoti na mgongo vikamsaliti. Wa mzunguko, akijitunza, huweza kuzidi kukomaa kadiri miaka inavyokwenda. Lakini hata katika aina hiyo, mwenye miaka arobaini na zaidi ni nadra, na katika timu ya taifa ni nadra zaidi.

Ili kuelewa kwa nini mtu kama huyo alikaa muda mrefu hivyo bila kujulikana, hapana budi kurudi nyuma kidogo katika historia ya mchezo wenyewe nchini Uganda.

Kriketi iliingia Afrika Mashariki pamoja na utawala wa Kiingereza, ikakuzwa kwa sehemu kubwa na Wahindi waliokuja kujenga reli na kufungua biashara. Katika Kampala, Jinja na Entebbe, vilabu viligawanyika kama maisha yenyewe yalivyogawanyika wakati wa ukoloni: Wazungu kivyao, Wagoa kivyao, Waismailia na Wahindu kivyao. Mwafrika aliufikia mchezo kwa njia ya shule. Zile shule za bweni zilizoanzishwa na wamisheni, kama vile King's College Budo na Busoga College Mwiri, ndizo zilizompa kijana wa Kiganda au wa Kisoga gongo la kriketi mkononi, na nyingi ya shule hizo zimeendelea kufanya hivyo.

Halafu ukaja mwaka 1972. Mwezi Agosti wa mwaka huo Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke nchini katika muda wa siku 90. Makumi ya maelfu ya watu, wengi wao wakiwa wamezaliwa Uganda na hawaijui nchi nyingine, walifunga mizigo. Mengi yamesemwa juu ya viwanda, maduka na mashamba yaliyokufa kutokana na amri hiyo. Machache yamesemwa juu ya viwanja. Timu zilivunjika kwa msimu mmoja. Makatibu wa vilabu, waamuzi, watunza nyasi, watu waliojua namna ya kulaza udongo wa kiwanja ili mpira uruke sawasawa, wote walikwenda. Mchezo ambao ungeweza kufa kabisa ulibaki mikononi mwa walimu na wanafunzi wachache wa Kiafrika, na inafaa ikumbukwe kwamba hao ndio walioubeba katika miaka yote ya giza iliyofuata.

Miaka mitatu baada ya amri hiyo, mwezi Juni 1975, Kombe la Dunia la kriketi la wanaume lilichezwa kwa mara ya kwanza, huko Uingereza. Afrika Mashariki ilipeleka timu moja iliyokusanya wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, chini ya unahodha wa Harilal Shah wa Kenya. Waganda wawili wa Kiafrika walikuwamo. Mmoja alikuwa Sam Walusimbi, aliyecheza mechi zote tatu. Wa pili alikuwa John Nagenda, mhitimu wa Makerere, mwandishi wa fasihi, mtoto wa mhubiri mashuhuri William Nagenda, ambaye baadaye alikuja kuwa mjumbe wa tume iliyochunguza uvunjaji wa haki za binadamu nchini Uganda, na kisha mshauri wa Rais Yoweri Museveni. Nagenda alicheza mechi moja, dhidi ya New Zealand, tarehe 7 Juni, katika uwanja wa Edgbaston mjini Birmingham. Alirusha ova tisa, akatoa mikimbio 50 na kupata wiketi moja.

Matokeo ya timu hiyo hayakuwa ya kujivunia kwa hesabu. New Zealand walipata mikimbio 309, na mchezaji wao mmoja, Glenn Turner, alipata peke yake 171, huku Afrika Mashariki nzima ikipata 128. India waliwashinda bila kupoteza hata wiketi moja. Uingereza waliwatoa wote kwa 94. Kisha timu ile ya pamoja haikuonekana tena katika Kombe la Dunia. Kenya ilijitenga na kujiunga na Baraza kwa jina lake mwaka 1981, na Uganda ikafanya hivyo mwaka 1998. Baina ya tarehe hizo mbili ndimo ulimopita utoto wa Frank Nsubuga.

Alipofikia umri wa kuichezea nchi yake, Uganda ndiyo kwanza ilikuwa ikianza kusimama kwa miguu yake. Mwaka 2001 ilishiriki kwa mara ya kwanza kwa jina lake katika mashindano ya nchi wanachama wadogo, yaliyofanyika Canada. Mwaka 2004 iliingia katika mashindano ya mabara ya mechi ndefu za siku tatu, ambako mchezaji huhesabiwa kuwa wa daraja la kwanza. Mwaka 2005 ilikuwa Ireland. Mwaka 2007, katika mji wa Darwin huko Australia, iliifunga Argentina katika fainali ya daraja la tatu la ligi ya dunia na kupanda. Halafu ikashuka. Ikapanda tena. Mwaka 2009 na mwaka 2014 ilifika katika mashindano ya mwisho ya kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia, na mara zote mbili ikabaki mlangoni.

Maisha ya mchezaji wa nchi ndogo katika ngazi hiyo yana uchungu wake. Timu husafiri nusu ya dunia kwenda kucheza mbele ya watazamaji ambao wangeweza kuhesabiwa kwa vidole. Ikishinda, gazeti la nyumbani huandika mistari michache chini ya habari za kandanda. Ikishindwa, husahauliwa. Anayesoma magazeti ya Kampala ya miaka hiyo atapata picha za wachezaji wa kandanda walioshindwa kwa heshima zikiwa kubwa kuliko picha za wachezaji wa kriketi walioshinda. Katika hali hiyo, mtu mwenye akili timamu huuliza kwa nini aendelee. Wengi walioanza pamoja na Nsubuga waliuliza, wakajijibu, wakaenda kutafuta riziki. Yeye alibaki.

Mambo yalikuwa magumu hata nyumbani. Mwezi Mei 2017 Uganda ilipewa heshima ya kuandaa mashindano ya daraja la tatu la ligi ya dunia, na viwanja vya Lugogo, Entebbe na Kyambogo vikatayarishwa kupokea wageni kutoka Oman, Canada, Singapore, Marekani na Malaysia. Ilitazamiwa kwamba kucheza katika ardhi ya kwao kungewapandisha Waganda. Badala yake wageni wa Oman na Canada ndio waliopanda, na wenyeji wakashushwa daraja. Mwaka uliofuata Uganda ilikwenda Malaysia na kulitwaa daraja la nne, ikarudi pale ilipokuwa. Wakati huo mwalimu wa timu alikuwa Steve Tikolo, yule Mkenya aliyekuwa nahodha wa Kenya ilipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia la mwaka 2003.

Ndipo yalipofika mashindano ya Mei 2019 pale Kyambogo, yaliyokwisha kutajwa. Nchi sita za Afrika zilikutana katika kilima hicho, jirani na chuo kikuu ambacho mizizi yake ni ya vyuo vya ualimu na ufundi, kutafuta njia ya kwenda Kombe la Dunia la ova 20. Uganda iliianza safari kwa Botswana. Siku nne baadaye mashindano yalipofungwa, Namibia ndiyo iliyoondoka na ushindi, nayo Uganda ikabaki nje. Kwa mchezaji wa miaka 38, ambaye hatimaye ameandikwa katika ukurasa wa kimataifa, hapo palikuwa mahali pa haki kabisa pa kutundika viatu. Hapana mtu ambaye angemlaumu.

Miaka minne na nusu baadaye, mwezi Novemba 2023, Uganda ilikwenda Windhoek, mji mkuu wa Namibia. Nchi saba zilikuwa zikigombea nafasi mbili tu za Afrika. Wataalamu walikuwa wamekwisha kuzigawa: moja kwa Namibia wenyeji, na ya pili kwa Zimbabwe, nchi inayocheza na wakubwa wa dunia tangu mwaka 1992. Waganda walifungwa na Namibia. Lakini tarehe 26 Novemba waliifunga Zimbabwe kwa wiketi tano, na habari hiyo ilipotangazwa wengi walidhani msomaji amekosea. Wakaifunga Nigeria, wakaifunga Kenya kwa mikimbio 33, na tarehe 30 Novemba wakakutana na Rwanda wakijua kwamba ushindi ndio tiketi. Rwanda walitolewa wote kwa mikimbio 65. Uganda wakaipita hesabu hiyo kwa kupoteza wiketi moja tu. Uganda ikawa nchi ya tano ya Afrika kufika katika Kombe la Dunia la ova 20, baada ya Afrika Kusini, Zimbabwe, Kenya na Namibia. John Nagenda, aliyekuwa amerusha zile ova tisa Birmingham miaka 48 kabla, alikuwa amefariki dunia tarehe 4 Machi mwaka huo huo.

Kombe lenyewe lilichezwa mwezi Juni 2024 katika visiwa vya West Indies na Marekani. Timu ya Uganda iliongozwa na nahodha Brian Masaba, na Frank Nsubuga, akiwa na umri wa miaka 43, alikuwa mchezaji mzee kuliko wote katika timu zote 20. Mdogo wake Roger Mukasa alikuwamo pia.

Mechi ya kwanza, katika uwanja wa Providence nchini Guyana, ilikuwa darasa chungu. Afghanistan walipata mikimbio 183, nao Waganda wakatolewa wote kwa 58. Ya pili ilikuwa dhidi ya Papua New Guinea, katika uwanja huo huo, usiku wa tarehe 5 Juni kwa saa za Guyana, ambao kwa Kampala ulikuwa alfajiri ya tarehe 6. Watu waliokesha wakifuatilia mchezo huo Uganda walimwona Masaba akimpa mpira yule mkongwe.

Katika kriketi ya aina hii kila mrushaji ana haki ya ova nne tu, na ova moja ina mipira sita. Hiyo ni mipira 24. Mpigaji wa siku hizi, mwenye gongo zito na mikono iliyofundishwa kuvunja, huitazama mipira hiyo 24 kama chakula. Mrushaji akitoa mikimbio 24 kwa mipira yake 24 husifiwa kuwa amefanya kazi nzuri. Frank Nsubuga alirusha mipira yake 24 na kutoa mikimbio minne. Ova mbili kati ya hizo nne hazikutoa hata mkimbio mmoja. Juu ya hayo alipata wiketi mbili. Katika historia yote ya Kombe la Dunia la ova 20, tangu lilipoanza mwaka 2007, hakuna mrushaji aliyekuwa amemaliza ova zake nne kwa bei ndogo kama hiyo.

Ni vema kueleza alifanyaje, kwa sababu rekodi bila maelezo hufanana na bahati. Ardhi ya Providence usiku ule ilikuwa nzito, mpira ukigusa chini unachelewa. Mrushaji kijana, akiona hivyo, hushikwa na tamaa ya kujaribu kila ujanja anaoujua. Nsubuga hakujaribu kitu. Aliutupa mpira mahali pale pale, kwa mwendo ule ule wa polepole, mpira baada ya mpira, akamwachia mpigaji mzigo wa kuutafutia nguvu mpira usiokuwa na nguvu. Anayeupiga mpira kama huo kwa hasira hujitoa mwenyewe. Hiyo ni elimu isiyofundishwa katika kambi ya wiki mbili.

Papua New Guinea walitolewa wote kwa mikimbio 77. Hata hivyo ushindi ulikaribia kuponyoka, kwa sababu Waganda nao walifika 26 wakiwa wamekwisha kupoteza wiketi tano. Aliyeokoa jahazi ni Riazat Ali Shah, aliyevumilia mipira 56 ili kupata mikimbio 33, mwendo ambao siku nyingine ungezomewa. Uganda ilishinda kwa wiketi tatu, mipira kumi ikiwa imebaki. Ulikuwa ushindi wake wa kwanza katika Kombe la Dunia.

Baada ya hapo hapakuwa na miujiza. West Indies waliwatoa Waganda wote kwa mikimbio 39, hesabu iliyolingana na iliyo ndogo kuliko zote katika mashindano hayo. Tarehe 14 Juni, huko Trinidad, New Zealand waliwatoa kwa 40. Katika mechi hiyo ya mwisho mrushaji Tim Southee alitoa mikimbio minne katika ova zake nne, akailingana rekodi ya Nsubuga kwa kuwarushia Waganda wenyewe. Na siku chache baadaye mwenzake, Lockie Ferguson, alirusha ova nne dhidi ya Papua New Guinea bila kutoa hata mkimbio mmoja. Rekodi ya Nsubuga, kwa hiyo, haikumaliza hata wiki mbili ikiwa yake peke yake.

Wako watu waliozitumia hesabu hizo za 58, 39 na 40 kusema kwamba nchi kama Uganda hazina mahali katika Kombe la Dunia, na kwamba kupanua mashindano hadi timu 20 kulikuwa ni kupoteza muda wa watazamaji. Maneno hayo si mageni. Yalisemwa juu ya timu ya Afrika Mashariki mwaka 1975. Lakini tarehe 29 Februari 1996, katika mji wa Pune nchini India, Kenya, ambayo wachezaji wake ndio waliokuwa uti wa mgongo wa timu ile iliyochekwa, iliifunga West Indies katika Kombe la Dunia. Kama mlango ungefungwa baada ya mwaka 1975, siku ile ya Pune isingekuwapo. Anayetaka mchezo uwe wa dunia hana budi kuvumilia kuona wadogo wakishindwa vibaya kwa muda fulani. Asiyetaka, aseme waziwazi kwamba anautaka uwe wa watu kumi.

Lawama nyingine ilitoka nyumbani. Baadhi ya watu walinung'unika kwamba timu ilikuwa na wachezaji waliozaliwa nje: Riazat Ali Shah ni mzaliwa wa Pakistan, na Alpesh Ramjani, Dinesh Nakrani na Ronak Patel ni wazaliwa wa India. Hoja hiyo yahitaji kujibiwa kwa uangalifu. Kwa upande mmoja, nchi iliyowahi kuwafukuza Waasia wake katika siku 90, ikaua kwa mkono wake nusu ya mchezo huu, haina budi kuona fahari wala si aibu inapoona vijana wenye majina ya Kihindi wakisimama pamoja na Nsubuga, Masaba, Ssesazi na Miyagi kuimba wimbo mmoja wa taifa. Hao hawakumnyang'anya mtu kitu. Walikuja, wakaishi, wakatimiza masharti, wakacheza. Kwa upande mwingine ni kweli kwamba nchi ikizoea kupokea wachezaji waliokwisha kupikwa kwingine, huweza kusahau jiko lake. Mambo hayo mawili hayapingani, na ni uvivu wa fikira kuyafanya yapingane.

Na jiko lenyewe linahitaji mahali. Kriketi ni mchezo unaokula ardhi. Kandanda huchezwa katika uwanja wa soko baada ya wachuuzi kuondoka, kriketi haiwezi. Inataka duara pana la nyasi, na katikati yake kipande cha ardhi kilichoshindiliwa na kusawazishwa kwa miezi, ambacho gari moja la kokoto laweza kukiharibu kwa asubuhi moja. Katika mji unaokua kwa kasi kama Kampala, ambako kila kiwanja kitupu kinapigiwa hesabu za ghorofa, duara la namna hiyo huonekana kwa macho ya mfanyabiashara kuwa ni ufujaji. Sehemu ya ardhi ya michezo ya Lugogo iliyokuwa uwanja wa hoki ilikwisha kugeuka maduka makubwa, na mchezo wa hoki nchini Uganda ulikaa miaka mingi ukitangatanga kwa kukosa makao. Viwanja vya kriketi vya kiwango cha kimataifa katika eneo zima la Kampala na Entebbe ni vichache mno, na Kyambogo ni kimojawapo. Kikiguswa hicho, hakuna kingine cha kukirithi.

Jambo hilo halikuwa la kubuni hofu. Mwezi Septemba na Oktoba 2025 nchi za Afrika zilikutana Harare kutafuta tena nafasi mbili, za Kombe la Dunia la mwaka 2026. Uganda ilikwenda ikiwa na sifa ya Windhoek na Guyana. Haikufika hata nusu fainali. Waliofika ni Namibia, Zimbabwe, Kenya na Tanzania, na nafasi zikaenda kwa wawili wa kwanza. Tanzania, ambayo Uganda iliifunga kwa wiketi nane kule Windhoek, ilikuwa imempita jirani yake katika muda usiofika miaka miwili. Watanzania hawakufanya uchawi. Walicheza, wakajipanga, wakaja. Kenya yenyewe ni ushahidi wa upande wa pili, kwani kutoka nusu fainali ya dunia mwaka 2003 ilianguka hadi kuhangaika katika mashindano ya kanda, baada ya kizazi cha kina Tikolo na Maurice Odumbe kuondoka na viongozi wake kushughulishwa na ugomvi wao kuliko na shule.

Kwa hiyo wanaosimamia kriketi ya Uganda, na wizara inayohusika na elimu na michezo, wana swali ambalo haliwezi kujibiwa kwa kumsifu Frank Nsubuga. Mtu mmoja alikubali kungoja zaidi ya miaka ishirini ili apewe mipira 24 mbele ya dunia. Kijana aliye kidato cha pili katika shule ya Jinja au Kampala, mwenye vidole vya kuuzungusha mpira, hana sababu ya kukubali kungoja hivyo, wala si haki kumtaka akubali. Huyo anahitaji mwalimu mwenye ujuzi, mpira usiochanika, na siku mbili kwa wiki za kiwanja kisichokodishwa kwa karamu za harusi. Anahitaji pia mechi, kwani mrushaji wa mzunguko hakomai kwa kurushia ukuta. Mashindano ya shule za sekondari, ambayo ndiyo yaliyoubeba mchezo baada ya mwaka 1972, yanatakiwa yawe na bajeti inayojulikana mapema, si michango inayokusanywa wiki ya mwisho.

Pale Kyambogo, gharama ya kumtunza mtu mmoja wa kukata nyasi, kumwagilia na kushindilia udongo wa katikati kwa mwaka mzima ni ndogo kuliko nauli ya kuisafirisha timu moja kwenda kushindwa ng'ambo. Hesabu hiyo chama cha kriketi kinaweza kuipiga chenyewe kabla ya msimu ujao kuanza.